Moshi Mweupe wa Kirikuu

Asubuhi moja mgeni aliingia uani kwa Maduhu, kijijini Samuye, akisukuma pikipiki yenye pancha. Alikuwa mwanamke kijana aliyevaa ovaroli.

"Shikamoo, baba. Naitwa Jenifa, fundi magari wa Kahama. Naomba pampu."

Maduhu aliitikia, akampa pampu, akarudi kuwasha kirikuu chake, gari dogo la mizigo. Alikuwa amemwahidi jirani yake, Bibi Coletha, kumpeleka hospitali Shinyanga kupasuliwa macho yaliyokuwa hayaoni, na kumrudisha. Bibi alikuwa tayari ameketi mbele, akikohoa. Moshi mweupe ulifunika zizi lote.

Jenifa aliiacha pancha yake. Aliuliza kama gari huchemsha.

"Huchemsha. Ni kama ng'ombe tu," Maduhu alisema. "Likichoka nalinywesha maji ya baridi, tunaendelea."

"Maji yanavuja wapi?"

"Hayavuji. Yanaisha tu."

Jenifa alimwomba azime gari. Alifungua kifuniko cha oili. Chini yake kulikuwa na utando wa rangi ya chai ya maziwa.

Alieleza taratibu. Kati ya injini na kichwa chake kuna gasketi, bamba jembamba linalotenganisha maji, oili na moto. Ikiungua, maji huingia kwenye moto na kutoka kama moshi mweupe. Mengine huchanganyika na oili. Maji ya baridi yakimiminwa kwenye injini ya moto, chuma hupasuka. Na rejeta, tangi la maji ya kupoza injini, ikifunguliwa ikiwa ya moto, humbabua mtu.

"Ukienda nalo leo, injini itakufa na bibi atabaki njiani."

"Basi nifungie ng'ombe wa kweli," Bibi Coletha alisema. "Hao hawana gasketi."

Maduhu alimpeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe hadi barabara kuu. Mkewe, Mama Vumilia, akapanda naye basi.

"Kurudi nitakufuata kwa gari," Maduhu alimwambia bibi.

Jenifa aliziba pancha yake, akaenda mjini na kurudi na gasketi mpya. Alipima kama kichwa cha injini kimepinda. Hakikupinda, kwa kuwa gari lilizimwa mapema. Akafunga gasketi, akabadilisha oili pia.

Siku bibi aliporuhusiwa kutoka hospitali, mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku. Majirani wote walikuwa wakilima. Maduhu aliwatazama ng'ombe wake zizini, akalitazama shamba lake lililolowa. Kisha akakagua maji na oili, injini ikiwa bado baridi, akaenda Shinyanga.

Bibi Coletha alipanda, Maduhu akawasha. Bibi akageuka, akatazama nyuma.

"Leo hakuna moshi."

"Nani kakwambia, bibi?"

"Nimeona mwenyewe."