Kaka Yangu Hakuingia Chini ya Lori

"Marva... sikuingia chini."

"Umesemaje?!"

"Sikuingia chini ya lori. Siku ile tulipolinunua. Sikuingia."

Jamani, maneno hayo kaka yangu aliniambia tukiwa tunateremka mlima wa Cabbage Hill, Oregon. Saa tisa mchana, jua kali, nyuma yangu tela limejaa viazi vya Idaho.

Mguu wangu umekanyaga breki mpaka sakafuni.

Na lori linaongeza mwendo!

Nikatazama kioo cha pembeni. Matairi ya tela yanatoa moshi mzito. Nikabonyeza swichi ya breki ya injini, ile inayonguruma na kuvuta lori nyuma...

Kimya. Hata mlio hakuna.

"Lamar, ulisema liko fiti!"

 Alikuwa ameficha mikono yake katikati ya mapaja, anatetemeka. Nikadhani ni woga.

Ngojeni niwaeleze tulifikaje hapo.

Mimi ni Marva Hutchins, wa Burley, Idaho. Miaka kumi na moja nimeendesha malori ya watu. Mwaka huu nikasema basi, nataka kichwa changu mwenyewe, yaani lori la kuvutia tela. Mzee mmoja mstaafu, Orval, alikuwa anauza lake la mkono wa pili. Rangi safi, viti safi, injini ukiigusa tu inawaka.

Lakini rangi haisimamishi lori, hilo nalijua. Nikamwita kaka Lamar.

Burley nzima inajua Lamar ni nani. Fundi wa malori miaka thelathini, majuzi tu akaniambia ameacha kazi gereji apumzike. Ndiye aliyenifundisha hata kubana boliti. Siku ile mimi nilikuwa safarini, akaenda peke yake kwa Orval. Jioni akanipigia.

"Chukua, mdogo wangu. Liko fiti."

"Umeingia chini?"

"Wewe! Unaniuliza mimi swali hilo?"

Tukacheka wote wawili. Pesa nikamtumia yeye, akalipa na kuniletea lori.

Safari ya kwanza ikaja mapema kuliko tulivyotegemea. Lamar akatokea asubuhi na begi lake. "Nakusindikiza," akasema. Nikafurahi, nyie! Nikamtengea na kahawa.

 Njia nzima alikuwa anafungua mdomo, halafu anaufunga.

Sasa turudi mlimani.

Maili sitini na tano kwa saa. Sabini. Najaribu kuingiza gia ndogo, inakataa, inasaga meno tu. Sabini na nane. Mbele yangu kuna gari dogo la familia, baiskeli zimefungwa nyuma.

Nikabonyeza honi bila kuiachia.

"Watoke! Watoke njiani!"

Kile kigari kikachepuka. Nikapita karibu kabisa, nikaona uso wa mama aliyekaa mbele. Ule uso bado ninao.

Kisha nikaona kibao. Njia ya dharura, ile waliyoimwagia kokoto nyingi kwa ajili ya malori yaliyoshindwa breki.

"Shika, Lamar!"

Nikazungusha usukani.

Kokoto zilipiga kioo kama mvua ya mawe. Lori likazama, likapinda, na tela lenye viazi likatusukuma kwa nyuma, paaa! Kichwa cha lori kikalalia ukingo wa udongo upande wangu.

Tukasimama.

Nikajaribu kuvuta mguu. Hautoki! Dashibodi imeshuka, imeubana chini ya goti. Mlango wangu umezibwa na udongo. Wa Lamar umejikunja, haufunguki.

Halafu nikasikia harufu ya dizeli.

Na moshi wa yale matairi ukaanza kuingia ndani...

"Lamar, vunja kioo!"

Akachukua nyundo ya dharura. Ikamponyoka. Akaiokota, ikamponyoka tena. Mara ya tatu nikamkazia macho. Vidole vyake vilikuwa vinacheza vyenyewe, kama si vyake.

"Nipe mimi!"

Mguu umebanwa, siufikii mlango wake. Nilirusha nyundo, ikadunda.

Nikaanza kulia kwa hasira. "Yule mzee Orval! Nikitoka hapa, nakwenda naye mahakamani! Ameniuzia jeneza!"

"Mwache Orval."

"Nimwache?!"

"Aliniambia, Marva."

Nikamgeukia.

"Aliniambia kila kitu. Breki za nyuma za kichwa zimelegea, hazifiki kwenye ngoma ya gurudumu. Breki ya injini imekufa. Akasema lisiteremke mlima wowote mpaka litengenezwe. Na bei akapunguza kwa ajili hiyo. Nikamwambia nitatengeneza mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?!"

Akainua mikono yake, akaniwekea mbele ya macho.

"Kwa sababu ya hii. Sikuacha kazi gereji, mdogo wangu. Waliniondoa. Nina ugonjwa wa kutetemeka. Nilidhani nitabana breki zako polepole nyumbani, hutajua. Spana ikanishinda. Halafu safari ikaja mapema..."

"Ukapanda lori unajua halina breki!"

"Nilisema nitakuambia kabla ya mlima. Kila kituo nilisema hapa ndipo. Nikashindwa."

Jamani, hebu fikiria. Umebanwa mguu, moshi unakujaa kifuani, na aliyekuweka hapo ni kaka yako, analia kama mtoto.

Dereva mmoja wa lori la ng'ombe ndiye aliyetuokoa. Alishuka mbio na mtungi wa kuzimia moto, akapulizia yale matairi, kisha akavunja kioo kwa nondo. Lamar angeweza kutoka. Akakataa, akakaa ameshika bega langu dakika hamsini, mpaka waokoaji wakakata dashibodi.

Mguu ulivunjika sehemu mbili. Lori likaishia kuuzwa kama vipuri.

Nilikaa miezi mitatu bila kumsemesha. Siku nilipoweza kutembea, nilikwenda kwake.

"Vaa koti," nikamwambia. "Kuna kichwa kingine kinauzwa Twin Falls. Mimi naingia chini, wewe unakaa pembeni unaniambia."

Tukaenda. Nikalala mgongoni kwenye matope, yeye akakaa juu ya ndoo.

"Muuzaji akikanyaga breki, ile fimbo ya kusukuma breki inatoka kiasi gani?" akaniuliza.

"Kidogo tu."

"Vizuri. Sikiliza upepo wa breki, unavuja?"

"Hauvuji."

"Chesisi, ile fremu ya chini, je? Pitisha mkono nyuma ya springi, wanapakaga rangi juu ya nyufa."

Nikapitisha. Kucha yangu ikazama kwenye ufa.

Muuzaji akaruka, "Ah, hiyo ni mikwaruzo tu, mama!"

"Kaendeshe wewe," nikamjibu, nikajipangusa matope.

Wasomaji wangu, ukinunua lori la mkono wa pili, ingia chini mwenyewe. Fungua kifuniko cha mafuta ya injini, ukikuta yamekuwa kama maziwa, maji yameingia, ondoka. Liendeshe likiwa na mzigo, kwenye mlima, siyo kuzunguka uwanjani. Na ongea na muuzaji kwa mdomo wako, hata kama aliyekwenda ni fundi wa ukoo.

Mimi karibu nife kwa sababu mtu anayenipenda aliona aibu.

Kusamehe? Bado naendelea kujifunza. Jumamosi tunakwenda kuangalia kingine, na Lamar ameahidi atabeba ndoo yake mwenyewe.