Kipimo cha Kitanda cha Tatu

Haya yalimkuta rafiki yangu, muuguzi wa watoto mwenye mdomo wa utani. Siku hizi hataki hata kuyataja.

Wodini kwao mashine za kupumulia ni tano, lakini kipimo cha hewa chafu inayotoka kifuani ni kimoja tu, huhamishwa kitanda hadi kitanda. Adhuhuri hiyo namba ya mtoto wa kitanda cha tatu ilishuka mpaka sifuri. Daktari akatikisa kichwa, akaondoka.

"Dada, usikitoe," mama mtu akasihi. "Mwanangu bado anapumua."

"Pole, mama. Ilikuwa ni mashine tu inayompumulia."

Akaizima. Akachomoa kipimo, akakikausha kioo chake kwa pamba, akakitia mfukoni akipeleke kitanda cha tano, skrini yake ndogo ya betri ikiwa mkononi.

Umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Giza likawa totoro. Halafu skrini ikaanza kulia mkononi mwake: ti... ti... ti. Mstari ulipanda na kushuka taratibu, kama wa mtoto aliyelala usingizi mzito.

"Si nilikwambia?" mama akasema gizani.

Muuguzi akakitoa kipimo mfukoni, akakisogeza kwenye mwanga wa skrini. Ndani ya kioo alichokikausha mwenyewe, ukungu ulitanda, ukafutika, ukatanda tena.