Letusi ya Alhamisi

Wakati huo nilizijua siku za wiki kwa mboga. Jumatatu ilikuwa kabichi na karoti za kukuna. Jumanne ilikuwa matango na nyanya. Jumatano ilikuwa viazi, mayai na pilipili hoho, na Alhamisi letusi na dhania. Ijumaa ilikuwa avokado kwa sababu, kama alivyosema Mama, watu wa ofisi wakichoka hutaka kitu laini. Jumamosi na Jumapili hazikuwa na mboga. Siku hizo mbili nilikaa tu, hadi Jumapili jioni tulipoanza kabichi ya Jumatatu.

Mboga hizo hazikuwa zetu. Zilikuwa za Becky, mwanamke mwenye duka dogo la saladi na sandwichi kwenye orofa ya chini ya jumba la ofisi katikati ya jiji. Jiko la duka lake lilikuwa jembamba, watu wawili hawangeweza kupishana humo bila kuombana radhi. Kwa hivyo Mama alitayarisha mboga jioni katika chumba chetu mtaani Kongo, Kawangware, na alfajiri akazipeleka kwenye mabakuli yenye vifuniko. Huko alibaki akizipanga kwenye mikate hadi wateja waishe.

Jioni alinisimulia habari za wateja hao. Saa sita na nusu lifti inafunguka, mawakili na wahasibu wanashuka na kupanga foleni mbele ya ubao ambao Becky ameandika vyakula vya siku hiyo. Kuna wakili mmoja ambaye kila siku huusoma ubao wote, huuliza maswali mengi, kisha huagiza sandwichi ileile ya yai.

Jirani yetu Rosebella, ambaye sote tulimwita Mama Marvin, hakuielewa biashara hiyo hata kidogo.

"Yawa, Mama Ndanu! Mtu na digrii yake analipa pesa ale majani mabichi? Si hata mbuzi wa hapa Kongo wanachagua!"

Mama alicheka mpaka akaweka kisu chini. Mimi nilijua ni mzaha mzuri, lakini haukunifikia.

Mambo mengi hayakunifikia tangu Baba afariki mwezi wa nne. Alikuwa fundi wa masanduku ya bati kule Laini Saba, kando ya reli. Asubuhi moja alitoka kwenda kununua misumari na gari likamgonga. Tulimzika Kitui. Kila mtu alilia, nami nikazunguka na sinia nikigawa chai. Watu wakasema, "Huyu msichana ni jasiri." Sikuwa jasiri. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia kwa muda mrefu. Baadaye tulihamia Kongo, nikaanza Gredi ya Sita katika shule mpya, na chochote nilichoambiwa nikajibu "sawa". Chakula nilikula kwa sababu kilikuwa mbele yangu. Ugali, maharagwe, hata sandwichi ambayo Mama aliniletea siku moja kutoka kwa Becky, vyote vilikuwa na ladha moja, yaani hakuna.

Mama hakuwa mkali ila kwa jambo moja, nalo ni maji.

"Sukuma wiki ukiiosha vibaya, moto utakusaidia," alikuwa akiniambia. "Letusi haioni moto, Ndanu. Ikitoka kwa maji yako inaingia moja kwa moja kwa mdomo wa mtu."

Ndiyo maana tulikuwa na ndoo ya bluu yenye kifuniko. Ndani yake yaliwekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na mboga zisizopikwa ziliruhusiwa kuoshwa kwa hayo tu. Kuchemsha ilikuwa kazi yangu kila nilipotoka shuleni.

Jumatano moja Shivachi, muuza maji, alisimamisha mkokoteni wake mlangoni petu na kuteremsha mitungi miwili.

"Niaje Ndanu. Hebu sikia, chemsha haya maji vizuri. Bomba imepasuka huko chini kando ya mtaro tangu juzi, na mtaro wenyewe unaujua."

"Sawa," nikamjibu.

Niliingiza mitungi ndani. Mama alikuwa ameenda sokoni, na karai la letusi lilikuwa sakafuni likiningoja. Niliketi kitandani. Ukutani ilining'inia nyundo ya Baba, nikawa naiangalia. Siwezi kusema nilikuwa nikiwaza. Nilikuwa nikiangalia nyundo.

Nilipozinduka, jua lilikuwa limeondoka mlangoni. Nilifunua ndoo ya bluu nikakuta maji ya kujaza kikombe kimoja. Kuwasha jiko, kuchemsha na kungoja maji yapoe kungechukua zaidi ya saa moja, na Mama alikuwa karibu kurudi. Ningependa kuwaambia kwamba nilipambana na dhamiri yangu. Sikupambana. Niliinua mtungi, nikamimina yale maji ya bomba kwenye karai, nikaosha letusi yote na dhania yote.

Mama alirudi akiwa amelowa jasho. "Umeosha na ya bluu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Asante, mama yangu. Bila wewe sijui ningefanya nini," akasema, akanishika bega. Hata hapo sikuhisi kitu.

Kesho yake, Alhamisi, mahali pa Marvin pale kwenye dawati letu palikuwa patupu. Marvin ni yule mtoto wa Mama Marvin, na si mtu wa kukosa shule, kwa maana nyumbani hakuna watu wa kutosha wa kumsikiliza. Saa nne, tuliporudi kutoka mapumziko, Mwalimu Nalianya aliingia bila kitabu.

"Marvin na wenzake wanne wako kliniki," alisema. "Wameharisha na kutapika tangu jana usiku. Watu wa afya wametuambia maji ya bomba yamechanganyika na maji taka. Msinywe maji yoyote ambayo hayajachemshwa."

Mitchelle aliinua mkono. "Na chakula, Ticha?"

"Chakula kilichopikwa na kuliwa kikiwa moto hakina shida. Hatari ni kile kibichi. Kachumbari, matunda, mboga za kuosha tu. Mtu akiziosha na maji hayo, amelisha watu uchafu."

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Lifti ingefunguka saa sita na nusu.

Nilianza kupiga hesabu. Nikisema, Becky atamfukuza Mama kazi, na kodi ya nyumba hatutaipata kwingine. Nikinyamaza, labda hakuna atakayeugua. Labda letusi yetu ilipata yale maji mazuri ya juu ya mtungi. Nikamkumbuka yule wakili, nikafarijika kwamba yeye ni mtu wa mayai. Kisha nikakumbuka kwamba Mama huweka jani moja la letusi chini ya yai, ili mkate usilowe.

Nikakumbuka na jambo jingine. Mama huonja. Kabla ya kumpa mteja yeyote sandwichi, hukata pembe ya jani na kulitafuna aone kama lingali bichi na kavu. Mtu wa kwanza kula ile letusi angekuwa Mama.

Hapo niliogopa. Niliogopa kweli. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne.

Nilisimama. "Ticha, naomba kuongea na wewe nje."

Tulipofika nje nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alitoa simu yake mfukoni akaniuliza, "Namba ya mama unaijua?" Niliijua kwa moyo.

Simu ililia, ikalia tena, kisha ikapokelewa. Haikuwa sauti ya Mama.

"Hello? Hii ni simu ya Mama Ndanu, mikono yake iko na kazi. Ni nani?"

Alikuwa Becky mwenyewe. Nilitaka kukata. Ningeweza kumwambia nitapiga baadaye, niongee na Mama peke yake, yeye ajue la kufanya. Lakini baadaye ilikuwa saa ngapi?

"Ni Ndanu."

"Ndanu! Sasa mrembo? Nimwambie nini?"

"Anti Becky, msimpe mtu letusi. Wala dhania. Niliosha na maji ya bomba na hayakuwa yamechemshwa. Huku watoto wamekuwa wagonjwa juu ya hayo maji. Mama hakujua. Nilimdanganya."

Nyuma ya Becky nilisikia kisu kikigonga ubao wa kukatia, kisha kikaacha.

"Letusi yote?"

"Yote."

"Mama Ndanu!" Becky alipaza sauti. "Weka hiyo chini! Usionje!"

Simu ikakatika.

Siku hiyo niliporudi nyumbani sikuketi kitandani. Niliwasha jiko nikachemsha sufuria baada ya sufuria, hadi ndoo ya bluu ikajaa. Mama alifika saa kumi na moja. Aliyaweka mabakuli matupu chini, akaketi bila kuvua viatu.

"Mama, wamekufuta?"

"Ngoja kwanza. Becky ametupa letusi yote, na sandwichi ishirini zilizokuwa tayari. Amepangusa ubao na kuandika upya. Leo watu wamekula viazi, mayai na supu ya maharagwe, walio na njaa na walio na hasira. Wakili wako amelalamika kwamba sandwichi yake haina jani." Hakucheka. "Ulionja wewe mwenyewe?"

"Hapana. Na wewe?"

"Jani lilikuwa mkononi," akasema. "Mbona hukuniambia jana? Ningechemsha mimi."

"Nilikuwa nimekaa."

"Umekaa ukifanya nini?"

"Naangalia nyundo ya Baba. Mama, mimi sisikii kitu. Tangu Baba aende sisikii kitu. Hata chakula sikisikii. Watu wakicheka naona tu meno."

Nilidhani atanikaripia. Aliinama akavua kiatu kimoja, akakishikilia.

"Hata mimi," akasema. "Kuna siku nakata karoti, naangalia chini, naona nimekata ndoo nzima na sikumbuki hata moja. Nilifikiri wewe uko sawa kwa sababu hulii."

Basi nikalia. Nililia mpaka Mama Marvin, aliyekuwa amerudi kutoka kliniki kuchukua nguo, akagonga ukuta kuuliza kuna nini. Iliniuma sana, kama unavyouma ule mguu wenye ganzi damu ikianza kurudi, nawe huwezi kuukanyaga wala kuutuliza. Mama alinishika, naye akalia pia, kiatu kikiwa bado mkononi.

Jumamosi Becky alikuja Kongo mwenyewe, amevaa gambuti kwa ajili ya matope na kubeba mfuko wa karatasi. Mama Marvin alikuja nyuma yake na Marvin, aliyekuwa amekonda lakini ameshaanza kujigamba jinsi alivyowekewa maji ya mshipa. Becky alikaa juu ya mtungi. Alifunua ndoo ya bluu, akanusa, akafunika.

"Ndanu, nimekukasirikia, na bado sijamaliza," alisema. "Watu wa lile jumba wananiamini mimi. Mimi ninamwamini mama yako, naye anakuamini wewe. Hakuna hata mmoja wao anayekujua, lakini siku hiyo afya yao ilikuwa kwa mikono yako."

"Pole, Anti."

"Kuanzia sasa majani nitayaosha mwenyewe dukani. Mama yako ataleta vile vya kumenya na kupika." Hapo nilijua Alhamisi haikuwa yetu tena, na malipo yake pia. Mama aliitikia kwa kichwa. "Lakini kazi yake iko. Hiyo simu ingekuja saa nane, yeye hangekuwa na kazi, na mimi singekuwa na duka."

Mama alinigeukia. "Jioni uliniambia uongo, asubuhi ukasema ukweli. Safari hii asubuhi ilitosha kwa sababu watu walikuwa hawajakula. Siku nyingine ukikosea niambie jioni hiyohiyo, hata kama utaogopa. Na ukiwa na uzito moyoni niambie pia. Kunificha hiyo ndiyo ilianza haya yote."

"Sawa, Mama," nikasema, na mara hii nilimaanisha.

Becky alifungua mfuko. Ndani mlikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha, vitunguu na kichwa kimoja cha letusi, bado kina udongo. "Oshea hapa nikuone."

Niliosha kwa maji ya ndoo ya bluu, jani kwa jani, mara mbili, macho yote yakiwa kwangu. Becky alikata vitunguu, akapanga yai juu ya jani, akatugawia. Mama Marvin alisema yeye hali chakula cha mbuzi. Alikula kipande kimoja, kisha akauliza kama kile kingine kina mwenyewe.

Mimi niliuma kipande changu, nikatafuna, machozi yakanilenga.

"Hiki kitunguu ni kikali!" nikalalamika.

Mama aliacha kutafuna akaniangalia. "Umekisikia?"

"Nimekisikia," nikasema, nikauma tena.