Nani Atachuma Kahawa ya Mwalimu?

Msimu wa kahawa ulipofika, Mwalimu Ottilia na mumewe Othmar hawakuwa na wasiwasi. Mibuni yao ilikuwa mingi na wao walikuwa wawili tu. Lakini kila Jumatano wanafunzi wa darasa la tano walipanda kilima na vikapu vyao. Kwenye ratiba somo liliitwa kazi za mikono. Mikono ilikuwa ya watoto, kahawa ilikuwa ya mwalimu.

Msimchukie. Walimu wote wa shule ile, huko milimani Mbinga, walifanya hivyo. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao hadi vijijini. Kila mwenye kipande cha shamba alitaka kahawa yake iwe imekauka kabla lori halijapita.

Ottilia alikuwa haogopi kusema. Kwa hiyo chama cha walimu kilipofungua tawi shuleni, wenzake walimchagua awe mwakilishi wao. Alifurahi sana. Hakujua kazi yenyewe itamfikia upesi hivyo.

Mvua za masika zilikuwa zimebomoa nyumba ya Mwalimu Mariana. Mariana alitoka Singida, na huku hakuwa na ndugu. Alikuwa akilala katika stoo ya shule na mtoto wake mchanga. Baridi ya Julai ilipita chini ya mlango bila kubisha hodi.

"Dada Ottilia, nimeomba uhamisho," alisema Mariana. "Mtoto anakohoa. Nikikubaliwa tu, naondoka."

Ottilia alishtuka. Mariana ndiye aliyefundisha darasa la kwanza, na hakuna mwingine aliyeliweza.

"Subiri kidogo, mdogo wangu," alisema. "Wilayani wamesema tusubiri. Nitawaomba wazazi wafyatue matofali."

Aliitisha mkutano Jumapili, baada ya misa. Madawati yalitolewa nje, yakapangwa vizuri. Walikuja wazazi watatu. Mmoja wao alikuwa anatafuta mbuzi wake.

Ottilia alivunjika moyo. Jioni hiyo alikwenda kwa jirani yake, Mama Gertrude, mjumbe wa kamati ya shule. Alimkuta akikusanya kahawa iliyoanikwa kichanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Mama, tumewakosea nini? Mwalimu analala stoo na mtoto mchanga, na watu hawaji!"

Mama Gertrude alimtazama. "Wewe si mtoto wa Kigonsera? Ngokela huijui?"

"Naijua, mama. Leo watu wanalima kwangu, kesho nami nakwenda kulima kwao."

"Haya. Jumatano mwanangu anachuma kahawa kwako. Wewe umechuma kwa nani?"

Ottilia aliona aibu mpaka akainamisha kichwa.

"Tena si hilo tu," Mama Gertrude aliendelea kwa upole. "Jumatano mtoto hasomi. Alhamisi anakuja darasani amechoka. Mtoto amekuja shule kusoma, mwalimu. Kama kuna kazi, iwe ya shamba la shule, iwe ndogo, na sisi wazazi tuambiwe. Mkifanya hivyo, nyumba tutajenga. Udongo upo, kuni zipo. Kinachokosekana ni hamu."

Nyumbani Othmar alikunja uso. "Na kahawa yetu atachuma nani?"

"Mimi na wewe."

"Itaanguka!"

"Itakayoanguka ianguke, baba. Mtoto wa Mariana anakohoa."

Othmar alimaliza ugali wake, akaisukuma sahani pembeni.

Kesho yake Ottilia aliwaeleza walimu. Mwalimu Nazari, mwenye shamba kubwa kuliko wote, aling'aka.

"Tulikuchagua ututetee sisi, siyo wazazi! Uchaguzi wa tawi ni Septemba. Tutaonana huko."

Maneno hayo yalimuuma Ottilia. Aliipenda nafasi ile, na kwa kitambo kidogo alitamani kunyamaza. Akapiga moyo konde.

"Nikinyamaza nitabaki mwakilishi, na Mariana ataondoka," alisema. "Nazari, darasa la kwanza utalichukua wewe?"

Walimu waliangua kicheko. Watoto wale walikuwa wamejaa mpaka sakafuni, na nusu yao walikuwa hawajui hata kushika penseli. Nazari hakucheka, lakini pia hakusema atalichukua.

Jumatano iliyofuata wanafunzi walibaki darasani. Jumamosi, Ottilia alikwenda kuchuma kahawa kwa Mama Gertrude. Mariana alimfuata, mtoto mgongoni. Wengine hawakutokea. Wiki iliyofuata alikuja Othmar, akinung'unika njia nzima. Baadaye walimu walianza kuja mmoja mmoja, kwa mzazi huyu na kwa mzazi yule. Wa mwisho kuja alikuwa Nazari. Alichuma haraka kuliko wote, ila hakutaka kusifiwa.

Kisha, asubuhi moja, wazazi walipanda shuleni wakiwa na majembe na vibao vya kufyatulia matofali. Mama Gertrude alikuwa mbele. "Mwalimu, tuonyeshe pa kuchimba udongo," alisema, na Ottilia alilia pale pale mbele ya watu.

Sehemu ya kahawa ya Ottilia ilianguka kweli mwaka ule. Lakini Mariana aliingia nyumba mpya kabla ya mvua, akafuta ombi lake la uhamisho. Na Septemba, jina la Ottilia lilipotajwa, mkono wa kwanza kunyooshwa ulikuwa wa Nazari.

Miaka ilipita. Ottilia alichaguliwa kuongoza walimu wa wilaya nzima. Siku moja aliitwa katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Nyasa. Walimu wa huko walikuwa na hasira.

"Wazazi hawa wagumu, mama! Paa la darasa limeezuliwa na upepo, na hakuna anayejali."

Ottilia aliwasikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amepewa maji ya kunywa kwenye kikombe.

"Maji haya mmetoa wapi?" aliuliza.

"Ziwani, mama."

"Nani kayateka?"

Walimu walitazamana. Nje, wasichana wawili wenye sare za shule walikuwa wakipita na ndoo kichwani, na ilikuwa saa ya kipindi.

Ottilia alivua viatu, akaichukua ndoo tupu iliyokuwa mlangoni.

"Twendeni," aliwaambia walimu. "Mkutano wetu unaanzia ziwani."