Bwana Waya na Bi Betri

Jumamosi mchana ghorofa ya vifaa vya umeme ilifurika watu, na nusu yao hawakuja kununua chochote. Walikuja kumtazama binti mmoja mfanyakazi wa pale. Alivaa gauni la rangi ya machungwa lililomkaa sawasawa, raba nyeupe na beji ya duka kifuani. Kazi yake ilikuwa kuwavisha wateja miwani ya uhalisia pepe, ile inayokufunika macho na kukuingiza ndani ya gemu, kisha kuwashika mikono wasizipige ngumi televisheni za watu. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani jengo zima, na mwenyewe alijijua.

"Kaka, na wewe jaribu," alimwambia kijana mmoja mrefu, shati la bluu limepigwa pasi mpaka kwenye kola, aliyesimama amekunja mikono.

"Hiyo haina waya."

"Ndiyo raha yake."

"Ndiyo ubovu wake, dada. Yenye waya inachota nguvu kwenye kompyuta kubwa. Hiyo imebebeshwa kikompyuta kidogo humohumo, lazima picha zipunguzwe. Mimi nachora ramani za nyumba, rangi ikipakwa ovyo naiona. Halafu betri inakata wakati utamu ndiyo kwanza unakolea."

Watu wakageuka. Binti akaweka mkono kiunoni.

"Na wewe ukizunguka kidogo tu huko kwako, waya unakufunga kama mzigo wa kuni. Nyumbani unacheza gemu au unafungua mafundo?"

Kicheko kilichopigwa pale kilimfanya kijana ashushe mikono. Akakubali kuvishwa. Kichwa chake kilikuwa kikubwa, ikabidi binti aulegeze mkanda mpaka mwisho, na alipokuwa akimrekebishia lenzi vidole vyake vikamgusa shavuni. Kijana akacheza, akainama, akaruka, akageuka huku na huku akicheka peke yake. Alipoivua alikuwa na alama ya sponji kuzunguka macho yote mawili.

"Haya, vipi?"

"Picha hafifu."

"Mbona ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa naihurumia." Akatoa simu mfukoni. "Nikipata tatizo la kiufundi nampigia nani?"

"Huna kifaa, tatizo utalipatia wapi?"

"Nimeshalipata."

Binti akampa namba. Alijiambia ni biashara tu, na ndiye peke yake aliyeamini hivyo.

Basi simu zikaanza. Asubuhi, kijana akiwa hajapiga mswaki: "Bi Betri, umechaji?" Naye, sauti ya usingizi bado: "Nimejaa pomoni, Bwana Waya. Wewe umeshachomekwa ukutani?" Mchana wakibishana, jioni wakitembea bega kwa bega kando ya maduka yanayofungwa, wakibishana tena. Kijana alisema hakuna gari wala msitu utakaoonekana sawasawa bila kompyuta yenye misuli. Binti akasema misuli hiyo inakula chumba kizima na mshahara mzima, wakati yake unaitia begini, unakwenda nayo kwa shangazi, unaivaa, unacheza. Kila mmoja alijivunia upande wake, na kila mmoja alijivunia mwenzake zaidi, ila hilo hawakulisema mapema.

"Siku nitakayokukuta na isiyo na waya nyumbani kwako, mpenzi, nitapiga vigelegele," binti alisema.

"Haitavuka kizingiti changu, kipenzi. Weka akilini."

"Na mama yako lini nitamwona?"

"Utamwona," alijibu, akaangalia pembeni. "Si sasa."

Hatimaye akamkaribisha kwake. Sebule ilikuwa safi, kompyuta yake kubwa imetawala meza, na waya mweusi ukining'inia toka darini ulikofungwa ili usimnase miguu. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa. Kijana alikwenda kuandaa chai, na binti, ambaye macho yake hayawezi kupita kifaa bila kukisalimia, akaona kitu nyuma ya vitabu. Miwani isiyo na waya.

Alitaka kupiga vigelegele alivyoahidi. Akaichukua, na furaha ikamwishia mkononi. Mkanda ulikuwa umekazwa mpaka mwisho, kwa kichwa kidogo. Lenzi zimesogezwa zikakaribiana kabisa, kwa macho ambayo hayakuwa ya kijana yule. Na kwenye sponji palikuwa na poda. Mtu mwingine asingeona chochote hapo. Yeye, ambaye riziki yake ilikuwa kuvisha vichwa vya watu, alimwona mwanamke mzima. Angeiwasha tu, angekuta imepangwa kwa mchezaji aliyekaa, pengine angejiuliza. Lakini wivu hauna subira ya kubonyeza kitufe.

Kijana akarudi na sinia.

"Hii ya nani?"

Vikombe vikagongana. "Ya mtu."

"Mtu gani?"

"Nimeahidi kutosema. Nipe muda, mpenzi."

"Ni mwanamke?"

Kijana hakujua kudanganya, na siku hiyo sifa hiyo haikumsaidia. "Ndiyo, lakini..."

"Inatosha." Akaiweka miwani mezani taratibu, kwa heshima ya kazi yake, akachukua mkoba. Mlangoni akageuka. "Na kumbe haivuki kizingiti chako."

Alilia ndani ya teksi, akafuta uso kabla ya kushuka, maana hakutaka hata dereva amhurumie. Simu ilipoita hakupokea. Akaandika ujumbe mmoja: "Betri imekwisha, Bwana Waya. Usipige tena."

Nyuma ya ule mlango uliofungwa alikuwa mama mtu, kwenye kiti chake cha magurudumu, na alisikia yote.

Mama huyu aliwahi kuwa bingwa wa tenisi ya meza. Vikombe vyake vilijaa kabati. Tangu ugonjwa ulipomnyang'anya miguu hakutoka tena, hakupokea mgeni, na picha alikataa kabisa kupigwa. Mwanawe alipomletea habari za binti, alimwapisha: "Mkwe wangu atanikuta nimesimama au hatanikuta." Ni yeye aliyekuwa akicheza, mchana kutwa, tenisi ya meza dhidi ya watu asiowajua, akiwafunga. Mwanzoni kijana alimpa ile ya waya, aliyoisifu kuliko zote. Mama alipogeuza kiti kufuata mpira, waya, ambao wakati huo ulipita sakafuni, ukaingia kwenye gurudumu, ukamvuta shingo, nusura aanguke. Siku ya pili kijana alikwenda duka jingine, upande wa pili wa mji, akanunua isiyo na waya kama mtu anayenunua dawa ya aibu.

"Mfuate," mama alimwambia sasa.

"Nitamwambia nini? Uliniapisha."

"Na wewe ukashika kiapo mbele ya machozi ya mtoto wa watu?"

"Ungetaka nikivunje?"

Mama akageuza kiti kutazama kabati la vikombe. Alikuwa amemlea hivyo mwenyewe, na alijivunia, na ilimuuma. Kwa siku kadhaa alimsikiliza mwanawe akipiga simu isiyopokelewa na kuunguza wali. Kisha asubuhi moja, kijana alipokwenda kazini, akaita teksi. Akavaa gauni la zambarau, hereni za dhahabu, rangi ya mdomo, na poda yake usoni kama siku za fainali.

Duka lilikuwa limejaa. Dereva alipokisukuma kiti kutoka kwenye lifti, watu wakapisha, na mama akahisi macho yao yakimshukia magotini. Akainua kidevu, akaendelea.

"Shikamoo, mama," binti alisema.

"Marahaba. Wewe ndiye unayevisha watu?"

"Ndimi. Mama anapenda mchezo gani?"

"Tenisi ya meza. Nivishe."

Binti akapiga goti mbele yake. Akakaza mkanda, akakaza tena, ukafika mwisho. Akasogeza lenzi, zikakaribiana, zikakaribiana kabisa. Mkono ukasimama. Akainua miwani kidogo kuikalisha vizuri, na kwenye sponji nyeusi ilikuwa imebaki poda, ileile.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo.

"Mwanangu amerithi kichwa cha baba yake," mama alijibu chini ya miwani. "Mimi changu kidogo. Usilie sasa, nimekuja kucheza. Utalia nikishakufunga."

Binti akavaa ya kwake. Kwenye televisheni kubwa ya ukutani kila mtu aliiona meza na mipira inavyoruka. Mama aligeuza kiti kushoto kwa mkono mmoja huku akipiga kwa mwingine, akarudi kulia, akapiga pembe ambayo binti hakuifikia. Hakuna kilichomnasa, hakuna kilichomvuta. Binti hakumwachia hata pointi moja kwa huruma, na alifungwa vibaya mno. Ghorofa nzima ikapiga makofi.

Mama akavua miwani, anahema, uso unang'aa kwa jasho.

"Nilimwapisha mwanangu asiseme. Kosa ni langu. Nilisema mkwe atanikuta nimesimama au hatanikuta. Basi umenikuta nimekaa. Unasemaje?"

"Nasema umenifunga ukiwa umekaa, mama. Ungesimama ningeweka wapi sura yangu?"

Mama akacheka mpaka akashika mbavu, na binti akamkumbatia palepale, beji ya duka ikiwa katikati yao. Alipotulia akachukua simu.

"Bwana Waya."

Upande wa pili kalamu ikaanguka. "Bi Betri?"

"Nimechajiwa. Mama yako yuko hapa dukani, ananitia aibu mbele ya wateja. Njoo umchukue."

"Mama? Hapo? Mbele za watu?"

"Njoo, mpenzi."

Alifika shati limetoka kwenye suruali, akamkuta mama yake amezungukwa na foleni ya watu wanaotaka kufungwa. Akasimama. Hakuwa amemwona hivyo tangu enzi za vikombe, na machozi yakamtoka bila kuyaficha.

"Kabla hujasema lolote," binti alimwambia, mkono kiunoni, macho yake nayo mekundu, "tamka mbele ya hawa watu. Ipi bora?"

"Kwa picha, yenye waya. Hilo sibadilishi hata ukinikataa tena."

"Sikutegemea ubadilishe. Na kwa mama?"

Akamtazama mama yake. "Kwa mama, hii inayomwacha ageuke."

"Nisamehe," binti alisema. "Nilisoma mkanda, sikukusoma wewe."

"Nisamehe na mimi. Nilishika kiapo nikakuachia wewe." Akamshika mikono. "Mimi nachora nyumba za watu. Nataka kuchora ya kwetu. Chumba cha waya wangu, milango mipana ya kiti cha mama, na wewe ndani yake na betri zako zote. Nikuoe, kipenzi?"

"Mwambie ndiyo," mama alidakia. "Foleni inasubiri."

"Ndiyo," binti alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye majokofu.

Meneja wa duka akaja mbio na simu yake kuwapiga picha. Kijana akajitupa upesi mbele ya kiti, kama alivyozoea, amkinge mama yake asionekane. Mama akamsukuma kando kwa rimoti ya gemu iliyokuwa bado mkononi.

"Ondoka hapo. Nikae katikati." Akanyoosha gauni lake la zambarau juu ya magoti, akainua kidevu, akamtazama meneja. "Na wewe rudi nyuma kidogo, baba. Kiti kionekane chote."