Mkono wa Elysée

Mlango wa jikoni ulifunguka na theluji ikatangulia kuingia. Goretti, mikono imejaa unga, akainua macho. Mlangoni alisimama kijana mrefu, koti la kijani limembana mabegani, sanduku mkononi.

"Kanisa liko juu," Goretti alimwambia. "Huku chini ni jikoni."

"Sitafuti kanisa, yaya, dada yangu. Nimesikia katika mtaa huu wa Crescent Town kuna wamama wanaopika kwa ushirika. Nataka kujiunga."

"Na sanduku?"

"Natoka uwanja wa ndege. Nimeanza na la muhimu."

Mama Nzigire, mpishi wao mzee wa sombe, yale majani ya muhogo, alicheka hadi akashika mgongo wake mbovu.

Kijana aliitwa Elysée, mzaliwa wa Uvira, na alikuwa ametokea Torino. Kule Italia alifanya kazi katika kiwanda cha ushirika cha kufulia nguo, ambako wengi walikuwa watu waliowahi kulazwa kwa maradhi ya akili, na hata mwenyekiti alikuwa na zamu ya kupiga deki. Vyama vya namna hiyo vimejaa kule, alisema. Vinafua, vinaoka mikate, vinatunza wazee. Na kila mwanachama ana kura moja, awe nani. Goretti, aliyesomea biashara chuoni kisha akaanzisha jiko hili kwa kubembeleza watu, alimsikiliza mpaka maharage yakaungua.

Barafu ilipoyeyuka, walikuwa wapenzi.

"Umekula, mkurugenzi wangu?" Elysée alikuwa akiuliza kwenye simu.

"Hatuna mkurugenzi. Wewe ndiye unayetuhubiria hivyo."

"Haya. Umekula, mwanachama wangu?"

Ndipo ikaja kampuni moja inayolisha maofisi ya mjini. Ilitaka kulinunua jiko, na wanachama wawe waajiriwa wake. Goretti alikuwa amechoka: jokofu linakufa kila mara, watu wanakacha zamu, naye anaomba, anaomba. Wanachama waligawanyika nusu kwa nusu. Mkono wa Elysée ndio ungeamua, na mkono huo Goretti aliuhesabu kuwa wake. Hakumwuliza. Aliipigia kampuni simu akasema, tumekubali.

Mkutanoni alivaa kitenge chake cha njano. Walipoitwa wanaopinga, Elysée akainua mkono, na uuzaji ukaanguka.

Goretti alimfuata mbio hadi kwenye daraja la kwenda stesheni.

"Umeniaibisha. Nimeshawaambia ndiyo."

"Kabla ya kura?"

"Nilijua uko upande wangu."

"Niko upande wako, Goretti. Lakini hukuniuliza. Ungeniuliza, ningekwambia: wale wanataka wapishi wenye kasi. Mama Nzigire wangemtoa kabla hajafunga aproni."

"Mapenzi gani haya, unanipinga mbele za watu?"

"Na yako ni gani, ya kunihesabu kama kiti?"

Simu zao za kila siku zikakatika. Jikoni nako mambo yakaharibika; waliotaka kuuza walinuna, waliokataa walijificha. Goretti mwenyewe alikaa nyumbani, akiwakasirikia wote, na zaidi nafsi yake.

Jumamosi akakumbuka sufuria. Kulikuwa na chakula cha harusi, na Elysée alikuwa amemwahidi Mama Nzigire kwamba kila Jumamosi atamwoshea zile kubwa, kwa ajili ya mgongo wake. Lakini asubuhi hii Elysée alikuwa na randevu ya usaili Brampton, kwenye ghala, kazi ya kudumu aliyoisubiri miezi. Basi Mama Nzigire yuko peke yake. Goretti akavaa viatu.

Alimkuta Elysée kwenye sinki. Shati jeupe lililopigwa pasi, tai ameitupa begani, povu hadi viwikoni.

"Na Brampton?"

"Waliiahirisha wiki iliyopita, wakaileta saa hii hii. Nimewaomba iwe mchana, wamesema nafasi imekwenda."

"Elysée. Ni sufuria tu."

"Nilimwahidi mama wa watu. Nani mwingine angekuja?" Alisugua kwa nguvu. "Na usinisifu. Nina hasira."

"Sikusifu. Jana niliipigia kampuni. Nimewaambia nilisema ndiyo isiyokuwa yangu kuisema."

Goretti akachukua kitambaa, lakini hakugusa kitu.

"Napendekeza nikukaushie vyombo," alisema. "Safari hii nauliza kwanza. Wanaokubali?"

"Mimi nakubali," Mama Nzigire aliitikia kutoka kwenye sufuria ya sombe, "ila harusi haingoji."

Elysée bado hakutabasamu. Akainua mkono, na povu likateremka polepole ndani ya mkono wa lile shati la Brampton.