Saa Kumi na Nne Zimekuwa Thelathini na Sita

— Dada, watu wameisha. Hatoki mtu tena pale mlangoni.

— Subiri kidogo.

— Nisubiri nini? Ndege imetua saa nne asubuhi, sasa hivi saa tano. Kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na nne angani, haisimami popote. Umeniimbia hesabu hiyo mwezi mzima. Haya, yuko wapi?

Fundi cherehani alimpa mdogo wake mkoba, akanyoosha shingo kuchungulia mlangoni. Mchumba wake, fundi wa lifti ng'ambo, hakuwa amemtia machoni kwa miaka mitatu, na ndoa yao ilikuwa kesho yake, saa tano asubuhi, kwa msajili. Fundi cherehani akampigia simu mara ya tisa. Haipatikani.

— Fimbo ya mbali haiui nyoka, dada. Huyo ana mtu wake huko.

Ndipo akatoka mwanamke mmoja, macho mekundu, anavuta begi dogo. Alivaa koti la kiume la kijivu. Fundi akaona mshono wa kola, akamkimbilia. Koti lile alilishona mwenyewe, akamtumia mchumba wake kwa posta.

— Samahani, dada. Hilo koti umelipata wapi?

Mwanamke akajishika mdomo.

— Wewe ndiye fundi?

— Ndiye mimi. Na wewe ni nani wake?

— Mimi si mtu wake, hata jina lake silijui! Mama yangu yuko mahututi. Nimefika uwanjani naambiwa ndege imejaa, tiketi wameuza kuzidi viti. Nikaanguka chini nalia. Yeye akajitokeza, akasema, "Apande huyu badala yangu." Akaniona natetemeka, akanivika koti. Simu yake imeisha chaji, kwa hiyo akaniagiza nikutafute hapa. Anakuja kwa njia ya mzunguko, ndege tatu, saa thelathini na sita. Atafika kesho saa mbili asubuhi.

Mdogo mtu akaguna.

— Hadithi tamu hiyo.

Fundi hajajua alie au akasirike, ujumbe ukaingia kwenye simu. Namba ngeni.

"Mpenzi, nimeazima simu ya watu. Nimeshuka kituo cha kwanza. Yule dada kafika? Nisamehe. Nilishindwa kumwacha pale chini."

Fundi akaketi palepale sakafuni, akashusha pumzi.

— Nenda hospitali, dada yangu, alimwambia yule mwanamke. Nenda nalo hilo koti.

Kesho yake, saa mbili na robo, mwanaume akatokea mlangoni, shati limekunjamana, macho yamevimba.

— Umenikasirikia?

— Sana. Tangu jana nimekuacha mara mbili, nikakurudia mara tatu.

— Basi niko mbele kwa moja.

— Uko mbele. Twende, msajili hangoji mtu.

Saa tano msajili akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Maharusi wote wawili wakamgeukia mdogo mtu.

— Mnanitazama nini? alifoka, machozi yakimtiririka. Andika, mzee! Shemeji yangu ana usingizi.